Kiwanja kwa saa 20: kisa cha wanandoa Wakenya katika kazi ya msimu kambini Marekani

Kila majira ya kujaza fomu za kodi ya mapato, Waafrika Mashariki wa huku Texas huniletea karatasi zao tuzipitie pamoja. Miaka ya karibuni swali moja limekuwa likirudi: je, ni kweli mtu anaweza kuuza vitu vya nyumba, kununua trela, akaishi kambini bila kulipa kodi ya pango huku akifanya kazi? Jibu langu ni ndiyo, inawezekana, na wapo wanaoifurahia. Lakini kabla hujafunga mizigo, soma yaliyowapata wanandoa hawa katika msimu wa 2024. Wameniruhusu kuyaandika. Nimebadilisha majina, na jimbo pamoja na kambi nimeviacha bila kuvitaja.

Usuli

Nitawaita Baba Tumaini na Mama Tumaini. Wote wawili wamevuka miaka hamsini. Mume aliendesha malori ya masafa marefu kwa miaka mingi. Mke alikuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku. Walikuwa wamepanga nyumba ya vyumba vitatu pembezoni mwa Dallas, na mtoto wa mwisho alipoingia chuo vyumba viwili vikabaki vitupu huku kodi ikizidi kupanda. Wakati huohuo walikuwa wanajenga Kenya, na fundi hakosi la kudai: leo saruji, kesho mabati.

Mke ni raia wa Marekani. Mume ana grini kadi. Hili litakuwa na maana mbele.

Walinunua trela ya kuishi ya futi 28, ya mtumba, kwa dola 19,000. Pikapu ya kuivuta walikuwa nayo. Mkataba wa nyumba ulikuwa unaisha Aprili, kwa hiyo kuanzia Februari walianza kutafuta kazi za msimu.

Kwa asiyeujua mpango huu: kambi nyingi za binafsi Marekani hupokea wageni wenye mahema na nyumba za magurudumu kuanzia karibu na Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei, hadi Labor Day, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Za milimani huendelea hadi Oktoba, majani yanapogeuka rangi. Mwenye kambi anahitaji watu wengi kwa miezi michache tu, na vijijini huko nyumba za kuwapangishia hakuna. Kwa hiyo huwatafuta watu wanaokuja na nyumba yao. Anakupa kiwanja chenye maji, umeme na bomba la maji taka, nawe unamlipa kwa saa za kazi. Saa zinazozidi hapo analipa fedha. Wengi wanaofanya hivi ni wastaafu wenye pensheni, na mpango wenyewe umekaa kama uliotengenezwa kwa ajili yao. Mtu anayeitegemea kazi hii kula na kutuma nyumbani anasimama mahali tofauti kabisa.

Makubaliano ya simu

Meneja wa kambi moja kwenye Milima ya Rocky, kama mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, alizungumza nao kwa simu karibu nusu saa. Walielewana hivi: kiwanja chenye huduma zote kwa saa 20 za kazi kwa wiki, kila saa inayozidi, dola 14, na wakikaa hadi Oktoba 15, bonasi ya dola 1 kwa kila saa waliyofanya kazi. Baadaye meneja akatuma barua pepe fupi ya kuwakaribisha. Ilitaja tarehe ya kufika na rangi ya fulana za kazi. Saa 20 zilitajwa bila kusema ni za nani.

Mama Tumaini aliuliza jambo moja tu kabla ya kukubali. "Baba Tumaini, hizo saa 20 ni zetu wawili au ni za kila mtu?" Mume akamjibu kwamba kiwanja ni kimoja, kwa hiyo saa ni za wote wawili. Jibu hilo lina mantiki yake, na kambi nyingi huhesabu hivyo. Lakini aliyetakiwa kulijibu ni meneja, na hakuulizwa.

Yaliyotokea: Mei na Juni

Walifika katikati ya Mei. Usiku wa pili baridi ilishuka chini ya sifuri na mpira wa maji ukapasuka. Jirani yao, mzee aliyefanya kazi za namna hii misimu mingi, aliwaonyesha jinsi ya kujaza tangi la ndani mchana na kufungua mpira kila jioni. Hadi mwanzoni mwa Juni hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao. Umeme nao uliwafundisha. Viwanja vya wafanyakazi vilikuwa sehemu ya zamani ya kambi yenye soketi za ampea 30, yaani wati 3,600 kwa jumla. Hita ya wati 1,500, birika la umeme na maikrowevu vikiwaka pamoja, swichi inakata.

Kazi zenyewe hazikuwashinda. Mume alikata nyasi, alitengeneza mabomba na alielekeza magari makubwa yanaporudi kinyumenyume kwenye viwanja, jambo ambalo dereva wa lori hulifanya akiwa amefumba macho. Mke alifanya ofisi ya mapokezi siku mbili, na siku nyingine vyoo, mabafu na maeneo ya moto.

Hilo la moto nilimwomba anieleze vizuri. Kila kiwanja kina pete ya chuma ambamo wageni huota moto, na wageni wakiondoka saa tano asubuhi, wengine wanafika saa tisa. Ndani ya muda huo majivu yatolewe. Majivu yanaonekana yamekufa, ya kijivu tupu, kumbe chini yana makaa mazima. Unamwaga maji, unakoroga kwa koleo, unamwaga tena, kisha unaleta kiganja kwa upande wa nyuma karibu na majivu bila kugusa. Ukihisi joto, unarudia. Ukiyatupa yana joto kwenye pipa lenye mifuko ya taka, na misitu ile ilivyo mikavu Julai, utakuwa umewasha bonde zima. Mama Tumaini alisema kazi hiyo ilimpa heshima kuliko zote alizofanya pale, kwa sababu alijua ikiharibika nini kitatokea.

Hati ya mshahara wa kwanza ilipotoka, ilipungua dola 560 kwa wiki mbili ikilinganishwa na hesabu yao. Meneja aliwaeleza kwa upole kabisa: saa 20 ni za kila mtu. Wawili ni saa 40.

Uamuzi wa kwanza: kubaki, na kuandika

Walikaa mezani usiku huo. Kuondoka kulikuwa na gharama: kambi zote za karibu zilikuwa zimejaa hadi baada ya Julai 4, sikukuu ya uhuru wa Marekani, mafuta ya kurudi Texas na trela nyuma si madogo, na huko Texas hawakuwa tena na nyumba. Waliamua kubaki. Mke akaongeza sharti lake. Alikuwa ametoka katika kazi ambayo kila dozi na kila kumgeuza mgonjwa kitandani huandikwa kabla zamu haijaisha, kwa hiyo alinunua daftari na kuanza kuandika kila kitu: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, kazi, na nani aliyemtuma. Saa zilizokuwa tayari zimepita alizirudishia kutoka kwenye meseji za meneja.

Daftari hilo ndilo lililobadilisha mwisho wa kisa hiki.

Julai na Agosti

Wiki ya Julai 4 kambi ilijaa pomoni. Kwa kuwa trela yao ilikuwa na kibao cha mwenyeji wa kambi, wageni waliwagongea usiku: umeme umekatika, jirani anapiga muziki, dubu yuko kwenye pipa la taka. Saa hizo hazikuwa kwenye ratiba. Mke aliziandika zote. Katika wiki ya kawaida ya Julai, daftari linaonyesha saa 62 kwa wote wawili, bila za usiku.

Mwezi huohuo mpwa wao alikuja kuwatembelea kwa viza ya utalii. Kijana mwenye nguvu, na meneja akapendekeza asaidie kukata nyasi akipewa chakula na kiwanja cha hema. Baba Tumaini alikataa palepale. Alifanya jambo la maana sana. Mwenye viza ya utalii haruhusiwi kufanya kazi Marekani, na kulipwa kwa chakula au mahali pa kulala ni kulipwa vilevile.

Katikati ya Agosti, Baba Tumaini na kijana mwingine walikuwa wanahamisha meza ya mbao ya kulia nje. Kijana akateleza, uzito wote ukamwangukia mwenzake kwenye kifundo cha mkono. Kliniki ilikuwa mwendo wa saa moja kwa gari. Picha ikaonyesha mfupa umepata ufa.

Bima yake ya afya ilikuwa ya Texas, ya aina inayokubali hospitali za mtandao wake tu isipokuwa kwa dharura. Matibabu ya kufuatilia yasingelipwa. Akaanza kujiandaa kulipa mfukoni, kwa sababu katika fikra zake hakukuwa na njia nyingine. Texas mwajiri binafsi anaruhusiwa kutokuwa na bima ya ajali kazini, na yeye alikuwa amezoea Texas. Jimbo alilokuwa akifanyia kazi linamlazimisha mwajiri kuwa nayo.

Meneja naye alisema kwamba wao si wafanyakazi hasa, ni watu wa kubadilishana kazi na kiwanja, "kama wa kujitolea". Siku tatu baadaye akawaambia kiwanja kinahitajika kwa wanandoa wengine watakaoweza kumaliza msimu. Akawapa saa 72 wawe wameondoka.

Uamuzi wa pili: kwenda juu ya meneja

Hapa ndipo waliponipigia simu. Nilichowashauri ni kuacha kubishana na meneja na kumwandikia mwenye kambi barua moja, ya heshima, isiyo na vitisho, ikiwa na mambo matatu: tarehe ya ajali na mashahidi; nakala za hati za mshahara zinazoonyesha makato ya kodi ya serikali, ushahidi kwamba kambi yenyewe inawatambua kama waajiriwa; na kurasa za daftari. Mke aliiandika usiku, akaituma asubuhi.

Mwenye kambi alipiga simu siku hiyohiyo.

Matokeo

Matibabu ya mkono yalilipwa na bima ya ajali kazini ya kambi. Walibaki kwenye kiwanja hadi baada ya Labor Day, mke akifanya saa chache ofisini. Saa 41 za usiku zilizokuwa kwenye daftari zililipwa zote, dola 574. Kuhusu maana ya saa 20, mwenye kambi hakukubali: dola 280 kwa wiki, kwa wiki 13, ni dola 3,640 ambazo hawakuzipata. Bonasi nayo, iliyokuwa imefika dola 800 na ushee, iliondoka kwa kuwa hawakufika Oktoba 15.

Walirudi Texas, wakapanga kiwanja kwa mwezi karibu na binti yao. Mke akarudi kwenye zamu za usiku. Ujenzi Kenya ulisimama hadi Januari.

Uchambuzi: kiwanja kina bei

Neno "bure" ndilo lililowaponza, na ninalisikia kwa karibu kila anayeniuliza kuhusu kazi hizi. Kiwanja cha kambini si cha bure. Kina bei, na bei hiyo unaweza kuihesabu kabla hujatoka nyumbani. Kambi ya jirani na ile yao ilikuwa inapangisha kiwanja cha namna ileile kwa dola 650 kwa mwezi. Saa 20 kwa wiki ni takriban saa 87 kwa mwezi. Gawanya: kila saa waliyodhani wanaitoa kwa kiwanja ilikuwa na thamani ya karibu dola 7.50. Kwa saa 40 kwa wiki, ambazo ni 173 kwa mwezi, thamani inashuka hadi dola 3.76.

Sasa weka upande wa pili. Saa 87 zikilipwa dola 14 ni dola 1,218. Toa asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare, yaani makato ya mafao ya uzeeni na ya bima ya afya ya wazee, utabaki na kama dola 1,125. Lipa kiwanja 650. Bado una dola 475 mkononi kabla ya kodi ya mapato. Maana yake, hata kwa tafsiri iliyowapendelea, kupewa kiwanja kulikuwa hasara kuliko kulipwa saa zote na kupanga kiwanja. Hesabu hii hugeuka mahali ambapo viwanja ni ghali au mshahara ni mdogo, ndiyo maana lazima ifanywe kwa kila kambi upya.

Wengine huniambia sheria ya kima cha chini itawalinda. Kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009, lakini sheria hiyohiyo inasamehe biashara za burudani za msimu zisizofanya kazi zaidi ya miezi 7 kwa mwaka, katika kima cha chini na katika ovataimu pia. Kambi ya kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba inaweza kuingia humo moja kwa moja. Kinachobaki ni sheria ya jimbo, ambayo hutofautiana, na yale mliyoandikiana. Usiende ukitegemea ulinzi ambao huenda haupo.

Wafanyakazi au wa kujitolea?

Hapa meneja hakuwa na mguu wa kusimamia. Msimamo wa Wizara ya Kazi ya Marekani ni kwamba mtu hawezi kujitolea kwa biashara binafsi inayotafuta faida. Kujitolea kupo kwenye hifadhi za taifa na za majimbo, na huko ni mpango halali unaoheshimika. Kambi ya mtu binafsi ni jambo jingine. Nasikitika kusema kwamba watu wetu hulikubali neno "kujitolea" haraka, kwa adabu na kwa hofu ya kuonekana wasumbufu, nalo ndilo huwafungia mlango wa kliniki.

Kuna upande wa kodi ambao wanandoa hawa waliupata vizuri bila kukusudia. Thamani ya kiwanja huhesabiwa kama mapato, isipokuwa masharti matatu yatimie: kiko katika eneo la kazi la mwajiri, umewekwa hapo kwa manufaa yake, na kuishi hapo ni sharti la ajira. Zile hodi za usiku ndizo zilizoonyesha kwamba waliwekwa pale kwa manufaa ya kambi. Sharti la tatu lilikuwa halijaandikwa popote, na tulilazimika kulijenga kutokana na meseji. Pia walitakiwa kujaza fomu ya kodi ya jimbo walikofanyia kazi, kama wasio wakazi. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, na wengi husahau kwamba hilo halikufuati ukivuka mpaka.

Nyaraka walizozishika vizuri

Hili lilienda sawa kabisa, kwa hiyo sitakaa sana. Anwani ya kudumu walitumia ya binti yao, aliyefungua barua na kuwatumia picha. Mwenye grini kadi anayehama anatakiwa kuijulisha idara ya uhamiaji kwa fomu ya AR-11 ndani ya siku 10. Baba Tumaini aliijaza alipofika kambini na tena aliporudi, akiweka kiwanja kama makazi na kwa binti kama mahali pa barua.

Bima ya afya ndiyo iliyobaki pengo. Ukihama jimbo kwa miezi mitano, uliza kabla ya kuondoka: nje ya dharura, nani atanilipia daktari?

Nyumba na kazi mkononi mwa mtu mmoja

Dola 3,640 ziliwauma, lakini kilichowatisha ni zile saa 72. Mpangaji wa kawaida akifukuzwa kazi bado ana nyumba mwezi ule. Wao mkono ulioshika ratiba ndio ulioshika ufunguo wa umeme. Mara nyingi mwajiri hukichukulia kiwanja kama sehemu ya ajira, si upangaji, na ajira ikikoma hudai kiwanja papo hapo. Ndiyo sababu walivumilia Juni, na ndiyo sababu Baba Tumaini alitaka kulipa kliniki kimyakimya. Mtu anayeweza kulala nje kesho hadai chake leo. Naamini udhaifu huu ni mkubwa kuliko suala lolote la mshahara, na kwa familia inayotuma fedha nyumbani, akiba ya kulipa kiwanja cha miezi miwili mahali pengine ingewapa nguvu ya kuzungumza tangu hati ya kwanza ya mshahara.

Mkataba wa pili

Kwa msimu uliofuata walichagua kambi ya tambarare, mwendo wa siku moja kutoka Dallas. Saa zote zinalipwa, nao wanakatwa kodi ya pango ya kiwanja. Mama Tumaini aliandika rasimu, mwenye kambi akaisahihisha, wote wakatia sahihi kabla trela haijaondoka. Inataja saa za kila mtu kwa jina. Inasema kuitwa usiku ni kazi na hulipwa si chini ya nusu saa. Inataja bima ya ajali kazini na jina la kampuni yake. Na inasema kwamba upande wowote ukivunja ajira, kwa sababu yoyote, familia itabaki kwenye kiwanja siku 14 kwa kodi ileile.

Suala la dola 3,640 halijafungwa. Dai la mshahara ulioahidiwa hupelekwa kwenye idara ya kazi ya jimbo ambako kazi ilifanyika, si Texas. Mimi ningelipeleka. Mama Tumaini anataka, mumewe anaona ile barua pepe ya ukaribisho haitoshi kuthibitisha, na wanaendelea kulizungumza.